Njia panda yetu ihesabiwe kwanza, vibao baadaye

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi baiskeli, na ninaandika kuhusu vibao vya STOP ambavyo mtaa wetu umeviombea njia panda yetu. Tangu mwaka 1994 nimekaa kwenye kona ile ile ya Ngamiani, hapa Tanga, chini ya mwarobaini, na beseni la maji la kutafutia pancha mbele ya miguu yangu. Namba ya barabara sitaitaja. Mmoja wa watakaoguswa na barua hii ni jirani yangu, tunasali safu moja, na ugomvi wa ukuta nisingependa aukute gazetini kabla sijamaliza naye barazani.

Asiyeijua Ngamiani aelewe kwanza jinsi ilivyopangwa. Waliopima viwanja zamani walichora mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, na barabara wakazipa namba, kuanzia ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja. Mistari ikinyooka hivyo na kukatana, kila baada ya nyumba chache unakutana na njia panda ya pembe nne. Wakati ule kilichopita hapo kilikuwa baiskeli, mkokoteni na mwenda kwa miguu. Nyumba zikajengwa mpaka ukingoni, baraza ikakaribia kugusa barabara, na hapakuwa na madhara, kwa sababu mtu wa baiskeli anapiga kengele, anasikika, na mkigongana mnacheka na kuja kwangu kunyoosha rimu. Leo pale pale pana bajaji, bodaboda, guta la saruji, kirikuu na Fuso. Kona ni ile ile.

Miezi mitatu iliyopita binti mmoja wa sekondari alitokea barabara ndogo, upande wa msikitini, akiwa juu ya baiskeli niliyomfungia breki mpya asubuhi ya siku ile. Bajaji ikamkuta katikati ya barabara kubwa. Mkono ulivunjika mara mbili. Namshukuru Mungu iliishia mkononi. Baiskeli waliniletea mimi, gurudumu la mbele limekunjwa kama andazi, na mpira wa breki bado mpya kabisa. Haukuwa umesuguliwa hata kidogo. Yaani mtoto hakushika breki, na hakushika kwa sababu hakuiona bajaji.

Jumapili iliyofuata serikali ya mtaa iliitisha mkutano. Watu walikuwa na hasira, na haki yao. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeazimia mambo mawili: tuwaombe wahusika wa barabara waweke vibao vya STOP pande zote nne, na wakichelewa, vijana wajenge tuta kwa kifusi. Nilinyoosha mkono kama wengine. Nimeandika barua hii kwa sababu sasa nauteremsha, na nataka kueleza kwa nini.

Nina mpwa wangu aliyesomea ujenzi wa barabara, yuko mkoa mwingine. Nilimpigia simu nikitaka anisaidie kuandika ombi kwa lugha ya kiofisi. Badala ya kuandika akaniuliza maswali. Mjomba, yanapita magari mangapi kwa saa barabara kubwa, na mangapi ndogo? Aliye barabara ndogo anasubiri sekunde ngapi? Ajali za mwaka mmoja ni ngapi, na ngapi kati ya hizo kibao kingezizuia? Anayetokea anaona umbali gani kulia na kushoto? Sikuwa na jibu hata moja. Miaka thelathini na ushee naitazama njia panda ile, na sikuwa na jibu hata moja.

Akanisomea kwenye simu kitabu cha mwongozo walichokuwa wakitumia Marekani, toleo la 2009, kabla ya lile jipya la 2023. Kwa vibao pande zote nne, kitabu kile kinataka barabara kubwa iwe na wastani wa magari 300 kwa saa kwa saa nane za siku, na ile ndogo iwe na 200 kwa saa, hapo ukijumlisha magari, baiskeli na watembea kwa miguu, tena wenye magari wa barabara ndogo wawe wanasubiri wastani wa sekunde 30 kwenye saa ya msongamano. Au, bila kujali wingi, ziwe zimetokea ajali tano au zaidi ndani ya miezi 12, za aina ambayo kibao cha pande zote kinaweza kuzuia. Kwa kibao cha barabara ndogo peke yake masharti ni mepesi: ajali tatu kwa mwaka zinatosha kuanza kufikiria, au barabara kubwa ipitishe zaidi ya magari 6,000 kwa siku, au mtu awe haoni vizuri mpaka asimame. Na kinasema waziwazi kwamba kibao cha kusimama kisitumike kupunguza mwendo.

Najua mtasema, Marekani na Ngamiani wapi na wapi. Hata mimi nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba namba niziache kama sizitaki, lakini maswali nisiyaache. Akaongeza kwamba Uingereza nako, kwa miaka mingi, halmashauri haikuweza kusimika kibao cha STOP bila idhini ya waziri. Waziri mzima kwa kibati kimoja! Sehemu nyingi kule inatosha ile pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, inayomwambia dereva apunguze, atazame, amwachie mwenye njia.

Basi nikahesabu. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuwa likizo. Tukaweka makopo matatu ya maziwa ya unga chini ya mwarobaini. Yeye anapiga vijiti kwenye daftari. Vijiti vikifika kumi, anatumbukiza kitu kimoja kwenye kopo lake na kuanza upya: kizibo cha soda kwa vyombo vya moto vya barabara kubwa, kokoto kwa vyombo vya moto vya barabara ndogo, mbegu ya ukwaju kwa baiskeli na waenda kwa miguu wa barabara ndogo. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, tukapumzika, tukarudi saa tisa mpaka saa moja jioni. Saa nane kamili. Ilikuwa Jumatano, siku ya kawaida, hakuna msiba wala harusi.

Jioni tukamwaga makopo kwenye mkeka. Vizibo 208 na vijiti vinane juu yake, yaani vyombo 2,088, wastani wa 261 kwa saa. Kokoto 71 na vijiti viwili, sawa na 89 kwa saa. Mbegu za ukwaju 148, sawa na 185 kwa saa, na hapo nilifurahi kidogo kwa sababu wengi wao ni wateja wangu. Kusubiri tulikupima kwa simu yake kwenye saa ya kutoka kazini: wenye vyombo vya moto 40, wastani sekunde 11. Barabara ndogo inapita kiwango cha 200 ukijumlisha watu na baiskeli. Barabara kubwa haifikii 300, na sekunde 11 haziko karibu na 30.

Ikabaki hesabu ya ajali. Hapo nilikuwa na kitu ambacho hata ofisi haina: daftari langu la madeni. Kila chuma kilichopinda pale kimepita mikononi mwangu au nimeona kikipakiwa, na huwa naandika kwa sababu watu husahau wanachodaiwa. Kwa miezi 12 nilikuta ajali tisa. Mkutanoni tulisema tisa kwa sauti kubwa. Lakini zipambanue. Mbili ni bodaboda walioanguka wenyewe, mmoja kwa mchanga, mmoja kwa mbuzi. Moja ni Fuso iliyorudi kinyumenyume ikavunja baraza ya watu. Moja ni daladala iliyoigonga bajaji kwa nyuma, bajaji ikiwa imesimama ghafla kushusha abiria. Moja ni mlevi aliyeufuata mwarobaini wangu saa sita usiku, na mti haukuwa na kosa. Hizo tano, weka kibao cha dhahabu, zingetokea tu. Ile ya daladala nadhani kusimamasimama kungeizidisha.

Zikabaki nne, zote za ubavuni: mmoja anakatisha, mwingine anapita moja kwa moja. Nikazisoma tena nikasikia baridi mgongoni. Zote nne, akiwemo yule binti, aliyekatisha alitokea upande wa msikitini. Kutoka upande wa pili, wa mashine ya kusaga, hapakuwa na hata moja.

Mpwa akasema, mjomba, panda baiskeli, simama hatua tatu kabla ya ukingo, halafu tazama kulia. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayetokea barabara ndogo, kinachomfikia kwanza kinatoka kulia. Nikafanya hivyo upande wa msikitini. Mjukuu akawa anatembea barabara kubwa kuja kwangu, amevaa shati jeupe la shule, na mimi nimwambie asimame pale ninapomwona. Tukapima kwa futi kamba. Mita 17.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ndio mwendo unaoruhusiwa mjini, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mita 17 ni sekunde moja na kidogo. Baiskeli iliyosimama inahitaji kama sekunde tano kuivuka barabara ile, na katika sekunde tano gari hilo limeshatembea mita 70. Binti yule hakuwa mzembe. Alipewa sekunde moja ya kuona kitu kinachohitaji tano.

Nini kilichoziba? Ndugu Mhariri, kilichoziba ni mimi. Kibanda changu cha bati, na baiskeli zinazosubiri zamu zilizoegemezwa ubavuni, na lile bango la mbao nililoandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, TUNAZIBA PANCHA. Nyuma ya kibanda unafuata ukuta wa jirani, ambao umechomoza kuliko nyumba nyingine. Nilikaa chini kwenye ukingo wa mtaro. Mjukuu alikuwa na adabu, akajifanya anakunja futi kamba.

Kesho yake nilikihamisha kibanda kwenda upande wa pili wa mti. Vijana wanne na soda nne, kazi ya nusu saa. Tukapima tena: mita 48. Kutoka 17 mpaka 48 bila kibao, bila bajeti, bila kikao. Miaka yote hii.

Lakini 48 si 70, na ukuta bado uko pale. Na hapa ndipo ninapoona kibao cha STOP kinastahili. Ukisogea mpaka ukingoni kabisa na kusimama, ukuta unabaki nyuma ya bega lako na unaona mbali. Ukiwa bado unatembea, huoni. Kwa maneno yangu ya kifundi, kama dereva anaweza kuona vya kutosha huku anasogea polepole, mpe pembetatu. Kama hawezi kuona mpaka miguu iguse chini, mwamuru asimame. Upande wa mashine nilipima nikaona zaidi ya mita 100 kulia na kushoto, kwa hiyo nilitaka kupendekeza STOP moja msikitini na pembetatu moja mashineni. Mpwa akanikatalia. Waliotazamana uso kwa uso, anasema, wasipewe amri mbili tofauti, maana kila mmoja atadhani mwenzake ndiye anayemwachia. Kwa hiyo viwe viwili, barabara ndogo pande zote mbili, na barabara kubwa isiwekewe kitu. Ajali nne za ubavuni zinavuka kiwango cha tatu na hazifikii tano. Sikuzipika ili zikae hapo. Zimekaa zenyewe.

Kuna wenzangu wameniambia, Mzee, si bora vinne kuliko viwili? Usalama unazidi? Nilikwenda kukaa kwenye njia panda nyingine, mbali kidogo na kwetu, ambako kibao cha STOP kilisimikwa kwenye barabara inayotazama kiwanja kitupu. Unaona huku mpaka huku, hata kuku akivuka unamjua ni wa nani. Nilihesabu vyombo 50. Vilivyosimama magurudumu yakatulia vilikuwa vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimezimika. Dereva wa bodaboda aliyezoea kupita hapo bila kusimama, na bila kupatwa na lolote, unadhani akifika kwetu kwenye ukuta atakumbuka kwamba hiki ndicho cha kweli? Rangi ni ile ile, pembe nane zile zile.

Vibao vinne vina sheria yake pia. Afrika Kusini wanavitumia sana: aliyefika kwanza anakwenda kwanza. Inataka watu wote wanne wawe wamefundishwa hivyo, na wote wawe wastaarabu kwa dakika moja ile ile. Mimi nimewaona wateja wangu wakigombania zamu ya bomba la upepo. Na mwenye daladala atakayesimama kila anapopita kwa ajili ya barabara ambayo mara nyingi haina gari atachoka wiki ya kwanza. Akichoka yeye, aliye barabara ndogo atakuwa anakatisha akiamini kwamba mwenzake anasimama. Hapo ndipo tutakapozika.

Kuhusu tuta la kifusi nitasema kwa kifupi kwamba vijana walianza kulijenga usiku, na wa kwanza kudhurika nalo alikuwa mama mjamzito ndani ya bajaji. Limeondolewa.

Sasa wahusika. Ombi la mtaa lilipokelewa, likagongwa muhuri, na tukaambiwa linafanyiwa kazi. Siwalaumu kwa kuchelewa kuleta vibao vinne, kwa kuwa tuliomba kitu kisicho sahihi. Ninachoomba sasa ni mtu mmoja, na tepu ya kupimia, na asubuhi moja. Aje akae kwenye kiti cha gari dogo, si ndani ya gari refu la ofisi, maana aliye juu anauona upande wa pili wa ukuta na ataandika kwamba hakuna tatizo. Apime mwenyewe. Akikuta nimekosea, mimi nipo, mita 48 nitazihesabu naye upya.

Na wakileta hivyo viwili, basi wavilete vizuri. Kiliwahi kuwepo kimoja hapa, upande wa msikitini, miaka mingi nyuma. Kwanza matawi ya mwarobaini yalikifunika, nasi tulioketi kivulini hatukuyakata. Kisha nguzo ikaliwa na kutu chini. Kisha siku moja hakikuwepo, na mimi nikajua wanunuzi wa chuma chakavu wamepita. Mwaka juzi nilikwenda kumfungia mteja mnyororo nyumbani kwake, nikakiona kimeegemezwa kuziba mlango wa banda la kuku. Maandishi yalishafutika, lakini pembe nane hazifichiki. Mpwa anasema umbo lile limetengewa kibao hicho peke yake, ulitambue hata kwa nyuma, hata likiwa na vumbi, hata kama hujui kusoma. Kuku walitambua pia, walikuwa wametulia.

Kwa hiyo nguzo ichimbiwe kwa zege. Kiwekwe kushoto, pale ambapo taa ya bodaboda inakimulika, na kiwe cha ile karatasi inayong'aa, maana taa ya barabarani hatuna. Na mstari mnene mweupe uchorwe chini, mbele kabisa, mahali ambapo ukisimama ukuta unabaki nyuma yako. Mstari ukichorwa nyuma ya ukuta, dereva mtiifu atasimama, ataangalia matofali, kisha ataondoka bila kuona kitu, na tutasema kibao hakifanyi kazi.

Matawi ya mwarobaini nimeshayapunguza mwenyewe. Ukuta wa jirani, nitamfuata baada ya Ijumaa, na nitakwenda na futi kamba. Makopo matatu yako chini ya meza yangu, vizibo, kokoto na mbegu kama tulivyovihesabu, na daftari la madeni liko droo ya juu. Anayekuja kuhakiki asiangalie majina, aangalie ajali tu.

Wenu,
Fundi Baiskeli wa Njia Panda,
Ngamiani, Tanga.